Usipande Kempa ya Hamisi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Marahaba yako naisikia tangu huku, ile unayoivuta mwishoni kama hutaki iishe. U hali gani? Nyonga inasemaje baada ya zile dawa mpya? Na kile kikohozi cha baridi ya kusi, kimekwisha kweli au bado unakificha kila nikipiga simu? Mimi huku ni mzima, alhamdulillahi. Nakula, naswali, kazini nakwenda. Baridi imepungua. Theluji imebaki kandokando ya barabara tu, chafu imekuwa nyeusi, na watu wa Kanada wameanza kuzitoa kempa zao kwa safari za kiangazi. Kwa hiyo kwenye uwanja wetu wa kazi hakuna kukaa. Kutwa nzima nafunga kempa nyuma ya pikapu za watu, napima, nakagua matairi, nikirudi nyumbani mikono yote inanuka grisi.

Zamani ilinibidi nikueleze kempa ni kitu gani. Sasa unaijua, maana moja imesimama uani kwa Hamisi pale Ukunda. Nyumba ya magurudumu, na kitanda chake na jiko lake, ya kuvutwa na pikapu.

Mama, siandiki kwa furaha. Naandika kwa hasira, na hasira yenyewe nimekwisha kuilalia siku tano haijapungua. Kurasa hizi nitazipiga picha nimtumie jirani yako Mwanasha, azichapishe kwa wenye kompyuta hapo Msambweni, akupe mkononi. Usome mwenyewe kwa miwani yako. Asikusomee mtu, maana mna mambo humu ya mimi na wewe.

Jumapili Hamisi alinitumia video. Amesimama mbele ya kempa yake, amevaa kofia ya vito, meno yote nje. Ile kempa aliyoachiwa na yule mzungu wa Diani aliyerudi kwao ameipaka rangi ya samawati, na ubavuni ameandika kwa herufi kubwa, RAHA YA MAMA. Nilipoyaona maneno hayo machozi yalinilengalenga, sikufichi. Kisha akaushika ule mkono wa chuma wa mbele, ule unaofungwa kwenye pikapu, akauinua kwa mkono mmoja, tena wa kushoto, akasema, "Cheki, dada! Nyepesi! Nimepanga vile vile alivyokuwa akipanga baba."

Machozi yakakauka papo hapo.

Akafungua mlango wa nyuma nione. Lo! Pipa la maji nyuma. Mitungi miwili ya gesi nyuma. Jenereta nyuma. Akasema sufuria mtakazopeleka Alhamisi kwenye arusi ya Lunga Lunga zitakaa hapo hapo nyuma, na nazi, na magunia ya mchele, karibu na mlango, ili mkifika wapakuaji wasihangaike. Na mbele? Mbele kuna kitanda chako, godoro jipya, na yale mapazia uliyoyashona kwa mkono wako. Yaani mbele kumebaki wewe peke yako, mama, na wewe ukivaa baibui mbili bado hufiki kilo hamsini.

Nikampigia hapo hapo. Nilianza vizuri, wallahi nilianza vizuri. Nikamsalimu, nikamuuliza wifi, nikaisifu rangi. Kisha nikamwambia, "Hamisi mdogo wangu, kempa umeipakia vibaya. Uzito uje mbele."

Akacheka. "Dada, ukija mbele si pikapu itaelemewa?"

"Ielemewe kidogo. Ndivyo inavyotakiwa."

"Baba alipakia mikokoteni pale sokoni miaka thelathini, hakuangusha hata kitunguu. Sasa wewe kwa kuwa uko Ulaya..."

"Si Ulaya. Ni Kanada."

"Kote ni kule kule. Leo wewe ndiye wa kumfundisha baba kupakia?"

Basi hapo nikapandisha. Nikamwambia maneno mabaya. Nikamwambia kichwa chake kimejaa makumbi ya nazi. Akanikatia simu. Tangu siku hiyo namwandikia asubuhi na jioni. Anasoma, naona alama mbili za buluu zinatokea, jibu hakuna. Nimpigie, hapokei. Nilimpigia Mwanasha akamsemeshe, naye akacheka tu, akaniambia niache wivu, mwenzangu kapata gari la wageni. Wivu! Mimi nione wivu wa bati la samawati!

Nikakupigia wewe. Ukaniambia, "Mwache mwenzio, anahangaika. Na mimi Alhamisi nitalala kama bi arusi mpaka Lunga Lunga, nyonga isinisumbue." Mama, nisamehe, lakini hapo nilikasirika hata na wewe. Nikasema sawa, nikakata. Sikusema sawa kwa kuwa ni sawa. Nilisema kwa kuwa neno lililobaki la kukwambia ni lile nililolificha miaka minne, na mdomo wangu ulikataa.

Nitalisema. Lakini kwanza nikueleze jambo la baba, usije ukaona bintiyo amepata kiburi cha ng'ambo akamkana mzazi wake.

Unakumbuka alivyokuwa akitufundisha kupanga mzigo, mimi na Hamisi, kule nyuma ya soko la Ukunda? Gunia la kwanza juu ya ekseli. La pili nyuma yake kidogo. Anashuka, anaishika mikono ya mkokoteni, anaiinua kwa vidole viwili. Ikiwa nzito anarudi kusukuma gunia nyuma tena. Ikinyanyuka kwa vidole viwili anasema, "Hapo. Sasa mzigo unajibeba wenyewe." Na mimi na Hamisi tunagombania nani aijaribu kwanza. Mpaka leo nikifumba macho naweza kupakia mkokoteni.

Na baba alikuwa sahihi. Tafadhali lisome hilo mara mbili. Mkokoteni unavutwa na mtu. Uzito ukija mbele, utamvunja mtu huyo mgongo. Tena mtu anatembea. Kwa mwendo wa miguu mkokoteni hauna nafasi ya kuyumba. Kempa inavutwa na gari linalokwenda kilomita themanini kwa saa, na kwa mwendo huo mkia mzito unaanza kucheza. Kwanza kidogo tu, kushoto, kulia, dereva hata hajui. Linakuja lori la mpakani, linampita kwa kasi, upepo wake unaisukuma kempa, mkia unajitupa upande, unarudi, unajitupa zaidi. Kila ukirudi unaivuta na pikapu, usukani haushiki tena. Dereva anaingiwa na hofu, anakanyaga breki. Akishakanyaga, kwisha. Lakini uzito ukiwa mbele, ule mkono unaikalia pikapu barabara na mkia unatulia. Jambo lenyewe ni hilo tu, wala halihitaji chuo kikuu.

Na hapo sijagusa matairi. Hamisi ameivisha pikapu matairi ya mtumba, mapana, yanang'aa, yametoka kwenye magari madogo ya kifahari. Niliikuza ile video mpaka nikayasoma maandishi ya ubavuni. Kila tairi limeandikwa uzito linaoweza kubeba, mama, na hayo si matairi ya mzigo, ni ya kutembezea mchumba. Ubavu wake laini. Tena ameyapunguza upepo kama wanavyofanya wenzake wa Diani wakiingia mchangani na watalii, nayaona kwa chini yamelala. Mchangani ni sawa. Kwenye lami, na mzigo, na jua la saa saba, tairi lenye upepo mdogo linapata moto ndani kwa ndani mpaka linapasuka. Na ile gololi! Nyuma ya pikapu kuna gololi kubwa ya chuma, na mbele ya kempa kuna kikombe cha chuma kinachokaa juu yake. Vinatakiwa kulingana. Vya Hamisi havilingani. Kikombe ni kikubwa kuliko gololi. Nimekisikia kwenye video kikilia kwa-kwa-kwa alipoisogeza uani. Siku kikiruka tuta kitachomoka. Nilimwandikia, soma namba iliyo juu ya gololi, soma na iliyo kwenye kikombe, ziwe moja. Alama mbili za buluu.

Sasa lile neno.

Unaikumbuka ile Ramadhani ambayo sikupiga simu mpaka zikabaki siku tatu kufika Idi? Nilikwambia simu imeharibika. Simu haikuharibika, mama. Nilikuwa sina uso wa kuzungumza na wewe.

Ulikuwa mwaka wangu wa pili huku. Kabla ya hapo nilikuwa nafagia na kuosha kempa za kukodisha zikirudi. Mwezi ule mzee mwenye uwanja aliniruhusu niwe nawakabidhi wateja. Nilifurahi, nilikusimulia. Siku moja wakati wa chakula cha mchana, mimi nimefunga, wenzangu wamekwenda kula, alikuja mtu na mkewe na mama yake. Mama yake mtu mzima wa umri wako, mfupi, kitambaa cha sufu kichwani. Akaniuliza ninatoka wapi. Nikamwambia natoka baharini. Akasema yeye tangu azaliwe bahari hajaiona, akataka nimwambie inanuka vipi. Nikamwambia inanuka chumvi na mwani. Akacheka sana, akasema basi hajapitwa na kitu.

Mwanawe akaniuliza, "Maji na kuni tuziweke wapi?" Nami sikufundishwa. Ningeweza kumwambia ngoja mwenye uwanja arudi. Lakini mama, niliona fahari. Niliona hapa ndipo mtoto wa mpakizi wa Ukunda ataonyesha. Nikamwambia, "Sukuma nyuma. Bado. Sukuma tena." Nikaushika mkono wa kempa, nikauinua kwa vidole viwili mbele yao. Yule bibi akapiga makofi, akamwambia mkwewe, "Huyu anajua kazi."

Saa tisa walipinduka. Kwenye mteremko, lori likiwapita, kama nilivyokueleza. Mwanawe alivunjika mkono, mkewe hakuumia sana. Yule bibi alikaa hospitali siku mbili, akafa.

Nilipopata habari nilikwenda kwa mzee mwenye uwanja nikamwambia kila kitu, sikubakisha. Hakunifukuza. Alisema kosa ni lake, kunikabidhi kazi kabla hajanifundisha, na polisi walipokuja aliwaambia hivyo hivyo. Lakini baada ya wiki yule mtoto wa bibi alikuja, mkono umefungwa bandeji ngumu mpaka kwenye kiwiko. Alikuja kuchukua viatu vya mama yake vilivyobaki ndani ya kempa. Akanitazama, akaniuliza neno moja. "Hukujua?"

Nikamwambia, "Nilidhani najua."

Akatikisa kichwa akaondoka. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Tangu siku ile hakuna kempa inayotoka uwanjani kwetu kabla mkono wake sijauweka kwenye mzani. Wenzangu wananicheka, wananiita Bibi Mzani. Waache wacheke. Sasa unaelewa kwa nini sikuweza kuzungumza na Hamisi kwa utulivu. Akisema "kama baba", natamani kupiga mayowe, maana na mimi nilisema kama baba. Habari hii yeye haijui. Niliona haya ajue kwamba dada yake, anayempigia mfano kwa marafiki, amesababisha mauti ya mama wa mtu. Mpe ukurasa huu ausome. Haya yangu si kitu tena.

Simkatazi biashara yake, umwambie na hilo. Kempa ni nzuri, na ufundi wa mikono anao, kuliko hata mimi. Lakini aianze upya. Avue hayo matairi aweke ya mzigo, yanayotosha uzito wa pikapu na ule uzito ambao kempa inauegemeza juu yake, na upepo ajaze kama ilivyoandikwa mlangoni mwa gari, si kwa kupiga teke. Gololi abadilishe. Kisha aivute mpaka kwa wale wanunuzi wa chuma chakavu, wana mzani mkubwa, aipime kempa nzima na mzigo wake, halafu apime na ule mkono peke yake. Kama kempa na mzigo ni sawa na magunia kumi ya mahindi, basi kwenye ule mkono wa chuma likae gunia moja, au moja na nusu. Likipungua, avute pipa na jenereta mbele. Akiweza kuuinua kwa mkono wa kushoto akicheka, asiondoke. Na mtu yeyote asipande ndani kempa ikiwa inatembea, hata akiipakia mhandisi. Haina mkanda, na kuta zake ni ubao mwembamba na bati.

Hayo yote hayatakamilika kufika Alhamisi. Kwa hiyo kempa ibaki uani. Sufuria na nazi ziende kwa kenta, lori dogo la kukodi. Wewe ukae kiti cha mbele cha pikapu, bila kempa nyuma, upepo umejazwa, mkanda umefungwa, mto chini ya nyonga, na msimame Ramisi ushuke unyooshe mguu. Utaumwa, najua. Utafika umechoka na utanilaumu. Nilaumu.

Najua pia hili ni zito kwako. Hamisi amekwisha kuwatangazia majirani, ameandika jina lako ubavuni, na ukikataa atanuna mwezi mzima, unamjua alivyo. Atasema umemsikiliza Mwanamisi kwa kuwa yuko ng'ambo. Mama, anune! Mtu aliyenuna anabembelezwa, anapikiwa mkate wa kumimina, anarudi. Mimi nimejaribu nguvu zangu zote nimeshindwa. Nimepiga simu, nimeandika, nimetukana, nimeomba radhi, na yeye anasoma tu na kunyamaza. Mtu ambaye Hamisi hawezi kumkatia simu ni wewe peke yako.

Nisalimie mama mkubwa wa Lunga Lunga, umwambie arusi ya mjukuu wake namwombea baraka na nitatuma kanga za bibi arusi. Msalimie wifi yangu Riziki, mke wa Hamisi, na umwambie sikumgombeza mumewe kwa ubaya. Mwanasha jirani umsalimie pia, na umwambie sina wivu. Mwalimu wako wa darsa la akina mama naye namwomba dua. Na Hamisi, mwambie dada yake anampenda, na ndiyo maana alimtukana.

Mama, neno la mwisho. Baba alifariki asubuhi mkamzika baada ya alasiri. Huku ilikuwa usiku, nimelala. Niliamka nikakuta simu kumi na saba, na nilipopiga mlikuwa mmekwisha kurudi makaburini, nikasikia vikombe vinalia nyuma yako, watu wanakunywa kahawa ya matanga. Sikulalamika. Ndiyo sheria yetu, maiti hangojeshwi, na sitaki mningojee kwa kuvunja sheria. Lakini safari ya kutoka hapa mpaka mlangoni kwako ni siku mbili. Ikitokea jambo kwenye ile barabara ya Lunga Lunga, hata nikipata ndege saa ile ile, nitakuta udongo umekwisha kukauka. Kwa hiyo sikuombi kama mtoto anavyoomba. Nakukataza, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, na Mungu anisamehe. Usipande.

Ni mimi bintiyo Mwanamisi, ambaye pole ya baba alipewa kwa simu.